Musilaumu masoni peke yake: shantiye yako umeikwamisha wewe mwenyewe

Kila mwaka, mwezi wa tisa ukiingia, simu za namna moja zinaanza kufika kwetu pa redio. Mutu anasema: masoni amekimbia na feza zangu, mvula iko karibu, kuta ziko wazi, tangazeni jambo hili ili wengine wajiepushe naye. Nimepokea simu hizi tangu nilipoanza kazi. Nyingine nimezitangaza, na kisha nikaona haya, kwa sababu nilisema upande mumoja tu. Leo nasema upande ule mwingine. Wenye shantiye watanikasirikia. Wakasirike.

Pita Kilobelobe. Pita Kasungami, Kalebuka, Luwowoshi, endelea mupaka nyuma ya Golf Météo. Angalia nyumba zenye kusimama nusu: kuta zimefika juu ya madirisha, mupapai umeota ndani ya salon, vyuma vya beto vimetoka juu ya nguzo na kutu imevila. Pembeni kuna kibanda cha mulinzi, na mulinzi mwenyewe amekaa pale miaka mingi, amelima mihogo, amezaa watoto, wewe baba mwenye nyumba ungali unalipa kodi Katuba ao Kenya. Ukiulizwa, unajibu: ni masoni. Ao unajibu: ni feza.

Mimi nasema hapana. Mara nyingi nyumba ilikwama siku ile ya kwanza, mbele hata ya kuchimba, kwa sababu ulianza nyumba ya majirani kuangalia, si nyumba ya mufuko wako.

Nianze na kwetu, musiseme nachekelea wengine. Baba yangu alikuwa kati ya wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliotoka kazini kwa hiari mwaka 2003 na feza mukononi. Mimi nilikuwa mutoto wa masomo. Baba alikuwa na parseli tayari, na feza zile zingetosha vyumba viwili, jiko, choo na manjanja juu. Lakini rafiki zake walikuwa wanachora nyumba za vyumba vitano na veranda yenye nguzo. Naye akachora vyumba vitano na veranda yenye nguzo. Akachimba fondasio kubwa, akaijaza mawe na simenti, watu wakapita wakisifu. Fondasio ile ilikula zaidi ya nusu ya feza. Kuta zilisimama mupaka usawa wa madirisha, na pale zikabaki. Baba alikufa katika nyumba ya kulipia kodi. Masoni wake, ambaye tulimutukana miaka yote, alikuja pa kilio, akaketi nyuma, hakusema kitu. Siku nyingi kisha pale mama alituambia: yule mutu baba yenu hakumulipa wiki tatu za mwisho.

Sasa tuongee juu ya masoni. Masoni wa hapa hana mushahara wa mwezi. Anakula pale anapofanya kazi. Anajua, kwa kuwa ameliona mara nyingi, kwamba patron wa leo atasema kwa wiki ya nne: ngoja kidogo, niko natafuta. Basi anafanya nini? Anachukua shantiye tatu kwa wakati mumoja. Yako ikikauka, anaenda kwa ingine. Ukipata feza kisha miezi miwili unamuita, naye amefungwa kule, anakuja siku moja na kupotea siku tatu. Unamuita mwizi. Wako wezi, ndiyo, wanaouzisha mifuko ya simenti usiku, nami sitawatetea. Lakini masoni wengi walioacha shantiye, ni shantiye iliyowaacha wao kwanza.

Na ulimulipa namna gani? Wengi wanatoa nusu ya bei ya kazi siku ya kwanza, kwa mukono, bila karatasi, kwa sababu ni mutu wa kanisa letu ao muloko wa shemeji. Karatasi inaonekana kama kukosa heshima. Lakini sheria yetu juu ya mapatano ni ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ya zamani kuliko muji huu uliozaliwa mwaka 1910, na inasema wazi kwamba mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale walioyafanya. Karatasi moja inatosha: kazi gani, kwa siku ngapi, nani analeta mayi, nani analipa wasaidizi, feza zitatolewa kwa hatua gani. Hatua, si tarehe. Fondasio ikiisha, sehemu yake. Kuta zikifika madirisha, sehemu yake. Mukanda wa beto, sehemu yake. Manjanja, sehemu yake. Na moja ya kumi ibaki kwako mupaka mvula ya kwanza ipige ile paa na muone kama inavuja. Masoni mwema haogopi karatasi hii, kwa sababu inamulinda naye pia: kama wewe umekosa feza, imeandikwa kwamba siku za kungoja si kosa lake.

Kitu kingine ambacho watu hawapendi kusikia ni majira. Hapa kwetu mvula inaanza kuchokoza mwezi wa kumi, inakaa kweli tangu mwezi wa kumi na moja mupaka wa tatu, na inaaga mwezi wa ine. Kila mutoto wa Lubumbashi anajua. Lakini angalia wakati watu wanapoanza kujenga: mwezi wa nane! Miezi ya tano, sita na saba imepita katika kutafuta, kupima, kusherehekea ndoa ya mudogo. Mwezi wa nane wanachimba udongo ulio mugumu kama jiwe. Mwezi wa tisa visima vya katiye mupya vimeshuka, mayi yanaletwa kwa bido za lita 20 na kila bido ni feza, na beto inayohitaji kumwagiwa mayi siku saba inapewa mayi siku mbili, inapasuka. Mwezi wa kumi kuta ziko juu bila kichwa. Na kuta za wengi kati yetu zimeunganishwa na udongo wa kichuguu, simenti inawekwa kwa nje tu, kwa mistari. Sisemi ni vibaya, nyumba nyingi zimesimama hivyo miaka mingi chini ya paa. Chini ya paa! Bila paa, mvula moja ya mwezi wa kumi na mbili inaingia kutoka juu, inaosha ule udongo kati ya matofari, na ukuta unalala. Mwaka unaofuata hauendelei kujenga, unaanza tena. Ndiyo maana nasema kuchelewa kwa mwezi mumoja hapa kwetu kunaweza kuwa kuchelewa kwa miaka miwili.

Anayetaka kujenga aanze wakati mvula inaaga, mwisho wa mwezi wa ine ao mwanzo wa mwezi wa tano. Udongo ungali laini, visima vingali vimejaa, na iko na miezi mitano kavu mbele yako. Na vitu vyake avitayarishe mwaka ule mwingine. Hapa pia tunafanya kinyume. Mutu akipata feza mwezi wa kumi na mbili anakimbia kununua simenti mifuko 40, anaiweka katika chumba cha mama mukwe, kwa kusema bei itapanda. Simenti haingoji. Kisha miezi mitatu hivi, zaidi katika unyevu wa mvula, nguvu inapungua na mifuko ya chini inakuwa mawe. Matofari ndiyo yanangoja. Matofari yanafyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi. Mvula ikianza hayakauki, yanakuwa machache na bei inapanda. Basi yanunue mwezi wa nane ao wa tisa, yale yaliyoiva vizuri, yenye kulia kama kengele ukiyagonga, yapange, yafunike, yangojee mwezi wa tano. Vyuma vinangoja. Mbao zinangoja kama ziko pa kavu. Simenti inunuliwe wiki ile ya kazi.

Kuna atakayesema: na ukikosa simenti ile wiki? Swali ni la haki. Sisi tunakula mupaka wa Zambia. Mwezi wa nane 2024, wakati Kongo ilikataza pombe na vinywaji vya sukari kuingia kutoka kule, Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ilikuwa siku chache tu, lakini wenye kujenga walijua maana ya malori kulala upande ule mwingine. Jibu langu ni kuacha nafasi katika hesabu. Kama masoni anasema miezi mitatu, wewe andika mine, na uwe na simenti ya wiki mbili mbele yako, si ya mwaka.

Sasa makaratasi. Ni hapa serikali nayo lazima isikie. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia. Kwa kawaida unapata kwanza kontra ya miaka mitatu, unajenga, wanakuja kuangalia kama umejenga, ndipo unaomba haki ya kudumu na setifika. Maana yake, shantiye iliyokwama si haya mbele ya majirani tu. Parseli isiyojengwa ni parseli yenye macho ya watu juu yake. Lakini wengi wanaanza kujenga na karatasi ya muuzaji tu, ile yenye sahihi ya mukubwa wa kijiji na mashahidi wawili ambao hawaonekani tena. Kuta zikisimama, anatokea mutu wa pili na karatasi yake, pengine wa tatu. Shantiye inaenda tribinali. Kule hakuna kiangazi wala mvula, ni miaka tu. Kabla ya kumwaga mufuko mumoja wa simenti, enda kadasta, uliza namba ile iko kwa jina la nani. Utapoteza siku mbili, pengine wiki mbili.

Na wale maajenti wa kupaka musalaba mwekundu? Ni kweli kwamba kujenga kunaomba ruhusa, na mutu asiyeilomba yuko na kosa. Lakini kwa nini hawaonekani wakati wa kuchimba, wanaonekana wakati ukuta umefika madirisha? Wakati wa kuchimba ungeweza kurekebisha kwa bei ndogo. Ukuta ukisimama, unaogopa, na mutu anayeogopa anatoa matabishi. Anakuja mumoja na karatasi ya muji, kesho mwingine na ya komine, kesho kutwa wa tatu ambaye hujui anatoka wapi. Kila mumoja anasimamisha kazi, na masoni wako anaenda kwa shantiye ingine. Mimi naomba wakubwa wa muji jambo dogo: mubandike mbele ya kila ofisi ya komine orodha ya karatasi zinazolombwa kwa kujenga nyumba ya kukaa, bei ya kila moja, na mahali pa kulipia. Tukiiona, pa redio tutaisoma kila asubuhi, bila kulipisha mutu.

Ndugu zetu wa Afrika ya Kusini na Ubelgiji, nanyi nawaheshimu, lakini acheni kumufanya mudogo wenu kuwa enjenia. Anapokea feza, anazipeleka shantiye, lakini mutoto wake akigonjwa pale katikati, atafanya nini? Atachukua mifuko kumi ya simenti kwanza. Nami ningefanya vile. Mulipeni enjenia wa kweli, apime kila hatua, atume picha na hesabu, naye mudogo abaki mudogo. Feza utakazomupa enjenia ni kidogo mbele ya undugu unaovunjika. Nimeona ndugu wawili wasioshikana mukono pa kilio cha mama yao, kwa ajili ya manjanja.

Mwaka uliopita sisi watoto wa baba tuliketi pamoja na mama juu ya ile parseli. Mukubwa wetu alitaka tumalize vyumba vitano, kwa heshima ya marehemu. Tulibishana mupaka usiku. Mwishowe mama ndiye aliyekata: vyumba viwili vya nyuma, choo, manjanja, mulango wenye kufunga. Kuta za mbele tumezibomoa na matofari mazima tumeyaosha, tumepata zaidi ya tulivyofikiri. Yako pale yamefunikwa. Setifika tumeiomba, tunangoja jibu. Tulimutafuta yule masoni wa zamani, amezeeka, lakini mutoto wake anafanya kazi ile ile. Kwanza tulimulipa muzee zile wiki tatu. Karatasi ya mapatano na mutoto tutaisahihisha mwezi wa tatu, na kama Mungu akipenda tutaanza kazi mwezi wa tano, mwanzoni, tarehe ambayo udongo utakuwa ungali na unyevu.