Stelingi Kafa, na Filamu Bado Inaendelea

Wengi wetu tuliokulia kwenye mabanda ya video, Lufufu au DJ Afro akitufasiria, tulilelewa na sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwishoni ataibuka na bunduki kubwa na adui atakiona cha moto. Ndiyo maana nikiwawekea wenzangu hapa Maryland No Country for Old Men, filamu ya ndugu wawili Joel na Ethan Coen ya mwaka 2007, inafika mahali wananigeukia: "Kafa? Saa ngapi? Mbona hatujaona?" Jamaa mmoja, Mkenya, alitaka nimrudishie saa zake mbili. Mimi nasema hapo ndipo penye utamu wote.

Kisa chenyewe chepesi. Texas magharibi, mwaka 1980. Llewelyn Moss (Josh Brolin), fundi wa kuchomelea vyuma aliyepigana Vietnam, yuko nyikani anawinda. Anakuta magari, maiti, shehena ya heroini, na mkoba wenye dola milioni 2. Anaubeba. (Ada za hapa mnazijua, tusijifanye watakatifu.) Anayetumwa kuzifuata hela ni Anton Chigurh, yaani Javier Bardem, anayetembea na mtungi wa hewa wa kuulia ng'ombe machinjioni. Bardem alipata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2008, na filamu ikazoa nyingine tatu, ikiwemo ya filamu bora. Muziki karibu haupo. Unasikia upepo, viatu sakafuni, na karatasi ya korosho ikijikunjua taratibu juu ya kaunta.

Kaunta hiyo iko sheli, na sisi tunaobeba maboksi usiku kwenye sheli za huku tuitazame vizuri. Mzee mwenye duka anamuuliza Chigurh kama mvua zinanyesha huko alikotoka. Basi! Kwetu hiyo ni salamu, mtu asipokuuliza mvua utadhani amenuna. Lakini neno hilo moja linatosha kumweka mzee kwenye mizani. Chigurh anarusha sarafu ya mwaka 1958, anamwambia achague. Kichwa au mwenge, kama tulivyokuwa tukisema utotoni. Mzee anauliza dau ni nini, wala haambiwi sawasawa. Anapatia, anapona, na hadi mgeni anaondoka hajaelewa vizuri alichoponea. Hakuna damu hata tone, ila mimi nikiwa zamu sasa hivi mteja akikaa kimya kaunta, mikono inanitoka jasho.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Texas na ya sinema. Waulizeni wazee wetu wa Silver Spring kuhusu Oktoba 2002. Asubuhi ya tarehe 3, katika Kaunti ya Montgomery, watu 4 walipigwa risasi na kufa ndani ya saa mbili na ushei: mmoja anakata majani, mmoja anajaza mafuta teksi yake, mmoja amekaa kwenye benchi, mmoja anasafisha gari sheli. Mpaka wauaji wawili wanakamatwa tarehe 24, eneo hili lilikuwa limepoteza watu 10, na wengine 3 wamejeruhiwa. Sheli zilitundika maturubai kuwaficha wateja. Polisi wakasaka gari jeupe la mizigo, kumbe wale wamo kwenye Chevrolet kuukuu ya buluu yenye tundu kwenye buti. Mkuu wa polisi wa kaunti, Charles Moose, alitokwa machozi mbele ya kamera siku mtoto wa miaka 13 alipopigwa risasi nje ya shule yake huko Bowie. Ukimtazama Tommy Lee Jones, sherifu Bell, anavyofika kila mahali akiwa amechelewa, utaona kwamba uso ule si wa kuigiza tu.

Halafu kuna maji. Moss akiwa kule nyikani anamkuta majeruhi ndani ya gari, anaomba maji. Hana, anaondoka. Usiku usingizi unagoma, anaamka, anajaza dumu, anarudi. Anakuta mtu ameshakufa na wenye mzigo wamefika. Anakimbia, gari linabaki, na kupitia gari hilo anajulikana ni nani. Ndani ya mkoba kuna kifaa cha kufuatilia, sawa, lakini kifaa hakisemi jina. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipojimaliza, kwenye jambo jema pekee alilolifanya usiku ule. Lufufu angelifasirije hilo sijui, bwana we.

Kuhusu ukatili, mama mmoja wa jumuiya yetu alinilaumu kwamba nawaonyesha vijana mauaji. Shikamoo yake naiheshimu, lakini kwenye Commando, Arnold Schwarzenegger anaua kisiwa kizima sisi tunapiga makofi. Hapa, mke wa Moss anapokataa kuchagua upande wa sarafu, kamera haimfuati. Tunamwona Chigurh tu akitoka barazani, anaangalia nyayo za viatu vyake. Nani alipiga makofi?

DVD ninayo, anayeitaka anitafute baada ya mkutano. Masharti mawili: simu mfukoni, na usizime sherifu akianza kusimulia ndoto zake.