Aliyeua, Naye Auawe?

Mwezi wa Machi 2024 serikali ya Kongo ilifungua tena njia ya kuwaua waliohukumiwa kifo, iliyokuwa imefungwa tangu 2003. Wako Wakristo walioshangilia: "Aliyeua, naye auawe!" Hao wamekosea.

Mkumbukeni Ntabo Ntaberi Sheka. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wake pamoja na wenzao waliingia Luvungi na vijiji jirani vya Walikale, wakawanajisi watu 387. Nani asingetamani kisasi? Lakini Sheka alijitoa mwaka 2017, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Goma. Walioumizwa wakasema, naye akasikia. Tarehe 23 Novemba 2020 akapewa kifungo cha maisha. Je, risasi ingaliwaongezea nini akina mama wale? Maiti haijibu, haitubu, hailipi.

Papa Fransisko alitufundisha mwaka 2018 kwamba hukumu ya kifo haikubaliki. Basi, kwa ajili ya Masisi na Walikale, tudai mahakama za haki, magereza imara na fidia kwa walioumizwa. Tusidai damu. Uhai ni wa Mungu, si wa serikali.