Mnalilia kombe, kombe la mkono mmelisahau

Leo nitawakosea makocha wetu, na wasee wa timu yangu ya zamani pia, lakini wacha niseme.

Jumapili nilikuwa uwanjani hapa Jilore kuangalia voliboli. Dada mmoja, mshambuliaji, anapiga spaiki hadi mpira unalia. Seti ya pili akaanza kushika bega. Kocha akafanya nini? Akamwita kando, akampaka dawa ya kuchua, akamwambia, "Kaza roho, zimebaki pointi sita." Akarudi ndani. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kabla sijajishtukia.

Kaza roho. Hilo neno nalijua vizuri. Nilikuwa mpiga spaiki wa shule. Kidato cha tatu bega likaanza kuuma, nikapakwa dawa, nikameza vidonge, nikakaza roho. Leo nina miaka 22 na kurusha jiwe niangushe embe ni shida. Embe, jamani! Miaka hiyo yote kila mtu alinibonyeza bega kwa mbele. Wa kwanza kuniambia "vua shati, geuka" alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, na wakati huo shule nishamaliza. Akaniambia niinue mikono na kuishusha, yeye anaangalia mgongo. Dakika moja tu. Kombe langu la kulia lilikuwa limechomoza kama bawa la kuku.

Kombe ni ule mfupa bapa ulio nyuma ya bega. Hii haitaki digrii, na mimi sina, chuo nilitoka kabla sijamaliza. Ukiinua mkono hadi juu kabisa, nyuzi 180, kama 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega na kama 60 zinatoka kwa kombe likizunguka juu ya mbavu. Na hilo kombe limeungana na mifupa ya kifua kupitia mtulinga peke yake. Kwingine kote linashikwa na misuli. Kuna mmoja unatokea mbavuni, unapita chini ya kwapa, kazi yake ni kulilaza kombe lisichomoze. Misuli hiyo ikichoka, mkono unapiga mpira bila msingi. Unasikia uchungu kwenye bega, kumbe mara nyingi shida imeanzia huku nyuma.

Kuna kibaya zaidi. Neva moja inapita kwenye kombe ikielekea msuli wa nyuma ya bega. Kwa wachezaji wa voliboli, sevu na spaiki za kila siku huivuta au kuibana, na ule msuli unanyauka. Madaktari wa michezo wanaijua hii miaka mingi. Na mara nyingi haiumi! Sasa wewe kocha unayesubiri mtoto aseme "naumwa" ndio umpumzishe, utasubiri nini?

Najua mtaniletea Julius Yego. Ati alijifunza kurusha mkuki YouTube, akajikaza, na 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Ni kweli, na namheshimu sana. Lakini pia alienda Finland akafanya mazoezi chini ya kocha. Hiyo sehemu hamuiposti.

Halafu waheshimiwa. Msimu wa mashindano ukifika wanaleta jezi, mpira na kombe la kung'aa, sisi vigelegele. Hakuna anayeuliza msichana huyu anapiga spaiki ngapi kwa wiki. Hakuna anayeleta mtaalamu hata siku moja awaangalie migongo. Wasichana wetu wanaota jezi ya Malkia Strikers, timu iliyocheza Olimpiki ya Tokyo na ya Paris 2024, na sisi tunawamaliza mabega kabla hawajafika hata kaunti.

Na msiniambie hakuna pesa. Simu unayosomea hii ina kamera. Mchezaji avae fulana isiyoficha mgongo (wasichana warekodiane wenyewe, tusianze maneno), ainue mikono mara kumi polepole, umrekodi kwa nyuma. Tofauti kidogo ya kulia na kushoto ni kawaida kwa mtu anayepigia mkono mmoja. Lakini kombe likichomoza, au msuli ukiwa umebonyea upande mmoja, au mkono umeisha nguvu, asicheze, apelekwe hospitali. Kwa wengine, kusukuma ukuta, na mwisho wa kusukuma unaongeza kidogo hadi mgongo uwe duara. Tyubu kuukuu ya baiskeli ukiifunga kwenye mwembe unavuta kuja kwako, makombe yakikaribiana. Mara tatu kwa wiki. Bei yake ni ya tyubu.

Yule dada wa Jumapili nilimtafuta baada ya mechi. Walishinda. Alikuwa amekaa chini anafungua chupa ya maji kwa mkono wa kushoto, na yeye anapigia kulia.

Jumamosi saa kumi niko uwanjani na simu na tyubu mbili. Kocha, na wewe njoo.