Katuni Nazo ni Kusoma

Mwandishi anayetaka maktaba za shule ziondoe riwaya za katuni, eti zinawazoesha vijana uvivu, hajazisoma kwa makini. Katika Maus ya Art Spiegelman, iliyopata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, Wayahudi wamechorwa kama panya na Wapolandi kama nguruwe. Panya anayejifanya Mpolandi huvaa barakoa ya nguruwe, uzi wake ukionekana kisogoni. Hofu ya kugunduliwa imo ndani ya mchoro, na msomaji lazima aing’amue mwenyewe. Uvivu uko wapi hapo?

Atasema wengi watatazama picha na kuruka maneno. Basi wafundishwe kuzisoma picha, kama wanavyofundishwa ushairi. Kijana asiyeshika kitabu ningempa March, katuni ya maisha ya mpigania haki John Lewis, na ningempa leo hii.