Sumaku na Joto: Tuulize Kabla ya Kununua

Pampu za maji ziendeshwazo kwa nguvu za jua na pikipiki za umeme si vitu vya kustaajabisha tena katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba. Ndani ya mota za nyingi ya mashine hizo mna sumaku ziitwazo za kudumu, zilizotengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni. Sumaku hizi, zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Japani na Marekani, ni ndogo kwa umbo lakini zina nguvu nyingi mno. Hata hivyo, neno "kudumu" lisitulaghai. Adui yao mkubwa ni joto.

Sumaku ya kawaida ya aina hii hustahimili joto la nyuzi 80 hivi za Sentigredi. Chini ya hapo nguvu hupungua kidogo, kisha hurudi mota inapopoa. Joto likivuka mpaka, sehemu ya nguvu hupotea wala hairudi. Aidha, hewa yetu ya chumvi na unyevu huila sumaku ambayo ganda lake la nikeli limechubuka, na hasara hiyo haina tiba.

Huenda mtu akasema kwamba jua letu halifikishi hata nusu ya nyuzi hizo. Ni kweli; lakini joto linalohesabiwa ni la ndani ya mota, si la hewa. Pampu ya kisima hupozwa na maji. Kisima kikikauka nayo ikaendelea kuzunguka, joto hupanda upesi. Sumaku ikishadhoofika, mota huvuta umeme mwingi zaidi kwa kazi ile ile, na umeme huo huzidisha joto. Mwenye chombo hulaumu betri, kumbe ugonjwa uko kwingine.

Dawa ipo. Sumaku zilizochanganywa na disprosiamu au terbiamu huweza kustahimili nyuzi 150 hadi 200, na zile za samariamu na kobalti hufikia hata 300. Lakini ni ghali. Na tangu Aprili 2025 China, ambayo ndiyo itengenezayo sumaku nyingi zaidi duniani, imeweka masharti ya kibali kwa usafirishaji wa madini hayo ya disprosiamu, terbiamu na samariamu. Bidhaa ikiadimika, kishawishi cha kuuza iliyo hafifu huongezeka.

Kwa hiyo tunawasihi wakuu wanaohusika na ununuzi wa Serikali wasiridhike na bei na nguvu ya mota peke yake. Watengenezaji huonyesha daraja la sumaku kwa herufi: H ni ya nyuzi 120, SH ni ya 150, na UH ni ya 180. Daraja hilo liandikwe katika kila zabuni, pamoja na hati ya majaribio ya joto ya muda mrefu. Kila pampu iwe na kifaa cha kuizima maji yanapokwisha.

Mwananchi naye aulize dukani, na asione haya. Kijiji kilichochimbiwa kisima hakitashiba maji kwa hotuba ya siku ya uzinduzi, bali kwa mota itakayozunguka vilevile miaka 10 baadaye. Rahisi, wazee walituonya, huishia kuwa ghali.