Kijana wa Makindye na kadi ya chama

Vijana wanaochomelea vyuma Katwe hujadili siasa kutwa nzima. Ila ukiwauliza nani ana kadi ya chama, wengi hucheka tu.

Wanaowaita wavivu wanakosea. Wana hesabu yao, na sisi wa mipakani tunaielewa: mtu hapakii mzigo utakaomkamatisha njiani. Makindye ndiko inakoketi Mahakama Kuu ya Kijeshi. Mwaka 2019 kofia nyekundu ya vijana wa Bobi Wine iliorodheshwa kuwa vazi la jeshi, kisha makumi ya wafuasi wa chama chake, NUP, raia watupu, wakafikishwa mbele ya mahakama hiyo. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia wasishtakiwe huko. Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha.

Kuna na woga mdogo, wa kila siku. Ukitaka kitambulisho au mkopo, barua ya kukutambulisha inatoka kwa mwenyekiti wa LC1. Mwaka 2018 wenyeviti hao walichaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Nani ajipange upande wa pili, halafu kesho aende kuomba muhuri?

Basi wanapita njia nyingine. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA. Hawakuhitaji chama, na Rais Museveni alikutana nao. Juni, vijana wa Kenya waliandamana bila chama wala kiongozi, na Muswada wa Fedha ukaondolewa.

Nawaelewa, lakini siendi nao hadi mwisho. Duka hufungwa siku chache. Bajeti husomwa kila Juni, na anayeipigia kura aghalabu aliteuliwa na chama katika kikao ambacho kijana wa Katwe hakuwemo. Mwaka 2021 NUP ilitwaa viti vyote viwili vya Makindye, Mashariki na Magharibi. Kadi ilifanya kazi. Ni kweli pia kwamba mbunge wa Magharibi, Allan Ssewanyana, alikamatwa Septemba mwaka huo akakaa rumande hadi Februari 2023.

Chama kinachomtaka kijana huyu kianzie kwenye swali lake la kwanza: nikikamatwa, nani atamlipa wakili, na nani atafungua kibanda changu?