LSK, haki ianzie ofisini: Wekeni kiwango cha posho ya wanagenzi

Je, wajua kuna sheria nchini inayomzuia wakili kukutoza ada ya chini kupita kiasi? Hujasoma vibaya: ada ya chini. Amri ya Malipo ya Mawakili imeweka viwango, na wakili anayeteremsha bei chini ya viwango hivyo ili kunasa wateja anatenda kosa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Hoja ni kwamba kazi ya taaluma ina bei yake, na bei ya kutupa huivunjia heshima.

Sawa kabisa. Sasa isome amri hiyo mwanzo hadi mwisho ukimtafuta kijana anayembebea wakili huyo faili. Humpati.

Kijana huyo ni mwanagenzi. Amesomea digrii ya sheria miaka minne, akaenda Kenya School of Law kule Karen ambako karo pekee inapita laki moja, kisha akakalia mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Kabla aapishwe mbele ya Jaji Mkuu, sharti afanye kazi miezi sita chini ya wakili mzoefu. Miezi hiyo si hiari. Ndiyo maana bosi akikupa kitu kidogo unashukuru, na asipokupa unaambiwa uko pale kujifunza.

Ni kweli anajifunza. Lakini pia asubuhi yuko Milimani akifuatilia tarehe ya kesi, mchana yuko Ardhi House, jioni anaandika rasimu ambayo mteja atailipia vizuri. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa mmoja anachumia juani, mwingine ndiye anayekula kivulini.

Na tusidanganyane kuhusu anayeumia. Mtoto wa Runda atakula kwao, alale kwao, apewe na pesa ya mafuta. Wa Githurai anakopa nauli kila wiki na bado anatakiwa avae suti safi. Miezi sita ya hivyo inatosha kumfanya mtu aache uwakili aende kutafuta kazi yoyote yenye mshahara. Tukiendelea hivi, tutabaki na mawakili waliotoka nyumba zenye pesa tu, halafu tushangae kwa nini mnyonge hapati wa kumtetea.

Najua jibu la ofisi ndogo: wakili mmoja, karani mmoja, kodi imechelewa. Akilazimishwa kulipa, atafunga mlango na wanagenzi watakosa pa kwenda. Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake si sifuri. Kiwango kinaweza kupangwa kulingana na ukubwa wa ofisi, na hata iliyo ndogo kabisa igharamie nauli na chakula cha mchana. Ofisi inayokosa hata hizo haitafuti mwanagenzi, inatafuta kibarua wa bure.

Chama cha Mawakili kina uwezo wa kusukuma jambo hili. Kila mwaka wakili hupitia kwake kupata cheti cha kuhudumu, na cheti hicho huisha Desemba 31. Hapo hapo aulizwe: mwaka huu ulikuwa na wanagenzi wangapi, na uliwalipa nini? Swali hilo pekee litawafanya wengi wajirekebishe.

Shida ni kwamba mwanagenzi si mwanachama, hivyo hapigi kura ya kuchagua baraza. Asiye na kura husahaulika haraka. Hata hivyo, Juni 2024 mawakili walijitokeza bila malipo kuwatetea vijana waliokamatwa kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, na LSK ilikuwa mstari wa mbele. Sisi vijana hatujasahau. Moyo ule ule unahitajika sasa, safari hii kwa vijana walio ndani ya ofisi zao wenyewe.